Vitako vya MDF vya milimita 25: nimewahamisha askari wangu 96 wa Tanga

Sanamu hizi nilizinunua kwenye maonyesho ya Partizan, ya michezo ya vita ya mezani, kule Newark, Uingereza, kwa mzee aliyekuwa akipunguza vitu nyumbani kwake. Ni askari 96 wa madini, wa kipimo cha milimita 28. Nusu ni askari wa Wajerumani, wenye tarbushi ya kaki na kitambaa cha kufunika shingo. Nusu ni wanajeshi wa kutoka India walioshushwa na Waingereza Ras Kasone, Tanga, Novemba 1914. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilitoa pochi kabla sijauliza bei.

Kilichoniuma ni pale waliposimama. Mzee alikuwa amewagandisha juu ya sarafu za senti mbili za Uingereza, kama wapenzi wengi wa mchezo huu walivyokuwa wakifanya, kisha akawamwagia unga wa kijani, kijani cha bustani ya Kiingereza iliyotoka kukatwa nyasi. Vita ile ilipiganwa kwenye vichaka na mashamba ya mpira na mkonge, nyuki wakiwashambulia watu. Na sarafu zenyewe zilikuwa na tabu yake: za kuanzia 1992 karibu zote ni za chuma kilichopakwa shaba, kwa hiyo hunasa kwenye sumaku, lakini za kabla ya hapo hazinasi. Kila nikibeba boksi langu lenye sumaku chini, nusu ya jeshi imelala na singe zimepinda.

Nikaagiza kwa karakana moja ya mtandaoni vitako 100 vya duara vya kusimamishia sanamu, vya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa), unene milimita 2, pamoja na trei 12 zenye matundu manane kila moja, za kusogezea kikosi kizima kwa mkono mmoja.

Ukataji wenyewe ni mzuri sana. Nilipima kumi kwa rula ya chuma, vyote sawasawa. Kingo hutoka nyeusi kwa sababu ya leza na zina harufu ya kuni zilizoungua, zinachafua vidole. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, uchafu unaisha.

Kazi kubwa ilikuwa kuwabandua. Niliwafunga kwenye mfuko, ishirini ishirini, nikawalaza kwenye friza usiku kucha. Supagluu ikipigwa na baridi kali huwa kavu kama kioo. Asubuhi unashika sarafu kwa koleo, unazungusha kidogo, inaachia. Kumi na wanne hawakuachia, maana mzee alitumia gundi ile ya kuchanganya mbili. Hao niliwaloweka kwenye maji ya moto hadi ikalainika. Wawili walivunjika kifundo cha mguu, nikawatoboa na kuwaunga kwa waya. Tafadhali, sanamu za zamani nyingi zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu: usizipige tupa zikiwa kavu, na nawa mikono kabla hujagusa chakula.

Kwa udongo, nilimwomba dada yangu aliyeko Muheza anipigie picha ya ardhi ya shamba la mkonge asubuhi, jua likiwa bado chini. Nilipaka gundi nyeupe, nikachovya mchanga, nikapaka rangi ya hudhurungi nyekundu, kisha brashi kavu yenye rangi ya matofali mabichi. Niliharibu vitako vinne kabla sijaipata. Nilipoipata nilimtumia picha, akajibu, "Kaka, hapo ni nyumbani."

Sasa kasoro. Matundu ya trei yamekatwa kwa kitako kitupu. Ukishapaka rangi na mchanga ukapanda kingoni, hakiingii. Nililazimika kupiga msasa matundu yote 96, jioni tatu nzima. Milimita nusu tu ingetosha kuniondolea kazi hiyo. Pili, MDF hainasi sumaku, na karatasi ya sumaku ya kubandika chini ilinigharimu kuliko vitako vyenyewe. Muuzaji angesema mapema ningejipanga.

Tatu, vile vikubwa vya mstatili, milimita 60 kwa 40, nilivyoongeza kwa ajili ya bunduki za rashasha. Usinunue vya milimita 2. Gundi ya maji upande mmoja huvimbisha nyuzi, kitako kinajikunja kama jamvi lililoachwa juani. Nililowesha upande wa chini pia na kuvikandamiza kwa vitabu siku mbili. Viwili vilinyooka, kimoja hakikunyooka. Chukua vya milimita 3, upake rangi pande zote mbili kwanza.

Kwa vile vidogo vya duara, natoa nyota nne kati ya tano, na nimeshaagiza vingine 40. Mkusanyiko wa mzee haukuwa na mpagazi hata mmoja, na wapagazi ndio waliobeba vita ile mabegani. Jina la Kariakoo limetokana nao. Sanamu zao zimefika juzi, na udongo wa Muheza bado upo kwenye kikopo.