Gari ndogo ya spoti au pikapu kubwa: ukiwa Mbeya ununue ipi?

Hela ya viazi au parachichi ikikubali, kuna jamaa anaanza kuota Mazda MX-5, ile ya Japani wanaiita Roadster, na mwingine anataka limwili la Kimarekani, Ford F-150. Mi naongeza Hilux dabo kabini hapo halafu tupange.

Ya kwanza Hilux, wala sisumbuki. Ile ya dizeli 2.8 inabeba kama tani moja, spea Mwanjelwa zipo, na ina turbo, ile feni inayosukumia injini hewa. Hiyo turbo ndo watu hawaiangalii kabisa. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, sasa ipandishe Kitulo na mzigo uone, unakanyaga mafuta mpaka chini gari inaunguruma tu haiendi. Ubaya wa Hilux ni ikiwa tupu, springi za nyuma ni za mzigo, kwa hiyo kwenye rasta inaruka ruka na mvua ikinyesha mkia unataka kukupita, ndo maana wengine wanatupia viroba viwili vya mchanga kwenye bodi.

Ya pili Roadster, najua hapa mtanicheka. Ila toleo la 2015 kuja juu lina uzito wa kama tani moja tu na injini ya lita 1.5, haina turbo lakini haina pia cha kuburuza, na mkeka wa Uyole kwenda Tukuyu, zile kona ukishapita Isyonje, gia ya mkono, paa umefungua, we acha tu! Basi raha inaishia hapo hapo. Viti viwili, buti gunia haliingii, chini ina kama sentimita 14 kwa hiyo matuta yetu haya utayavuka kiupande upande, na masika kwenye tope la Umalila usithubutu maana inasukuma tairi za nyuma peke yake. Inunue kama nyumbani kuna gari nyingine.

F-150 naiweka mwisho. Nguvu inayo, starehe inayo, ila usukani uko kushoto. Upo mlima Kitonga nyuma ya semi ya Zambia, we umekaa upande wa bondeni huko huoni kinachokuja, mpaka abiria wako achungulie akwambie "twende", na akikosea je? Upana mita 2 bila vioo, paking ya sokoni ni kesi, na spea unaagiza nje.

Yoyote utakayoagiza, cheki umri, ikishazeeka TRA, mamlaka ya mapato, wanaongeza ushuru wa uchakavu. Hilux ya mkononi kaiangalie asubuhi na mapema, tena Juni au Julai ndo vizuri, mwambie muuzaji asiipashe moto kabla hujafika. Dizeli iliyochoka kwa baridi yetu hii itazungushwa starta wee, ikiwaka inatoa wingu la moshi, hapo unajua bei unaanzia wapi.