TAHADHARI: Anauza buibui wazee kwa bei ya vijana

Ndugu zangu mnaofuga buibui huku Marekani, msiharakishe kutuma pesa. Kuna muuzaji anatangaza "jozi changa" ya Phidippus regius, yule buibui mrukaji mkubwa wa Florida: jike bikira na dume aliyekomaa majuzi. Nilimtumia dola 110 mwezi Januari. Waliofika kwangu Ohio siyo niliowalipia.

Dume alifika hai, lakini kipapasio cha kushoto hakipo. Kwa wageni wa ufugaji huu: dume humpanda jike kwa vile vipapasio viwili vya karibu na mdomo, ambavyo akikomaa huvimba nchani kama ngumi. Humo ndimo anamobeba mbegu. Na akishakomaa hajivui gamba tena, kwa hiyo kilichokatika hakioti. Huyu pia alikuwa akiteleza kwenye kuta za boksi la plastiki, mahali ambapo mrukaji kijana mwenye afya hutembea bila shida. Tumbo jembamba peke yake lisiwatishe, madume wengi wakubwa ndivyo walivyo. Linalotisha ni tumbo lililokunjamana, maana hiyo ni kiu au njaa, na lake lilikuwa kama zabibu kavu. Nilimpa maji kwa tone, akanywa muda mrefu sana. Siku ya tisa nilimkuta amekufa, miguu imejikunja chini ya mwili. Buibui hunyoosha miguu kwa kusukuma majimaji ya mwilini. Yakipungua, miguu hujikunja hivyo.

Aliyenisikitisha zaidi ni jike. Sikumkutanisha na dume hata mara moja, nilitaka kwanza ale anenepe. Siku ya 12 akajifungia kwenye utando mzito, akataga. Jike asiyepandwa naye hutaga, ila mayai yake hayatoi watoto. Haya yalitoa watoto. Basi alikuwa ameshapandwa kabla hajauzwa, na muuzaji akaandika "bikira".

Hilo si jambo dogo. Jike huhifadhi mbegu mwilini na hutaga vifuko kadhaa vya mayai kwa kupandwa mara moja, kwa hiyo anayetaka kuzalisha rangi fulani hatajua watoto ni wa nani. Tena jike aliyekwisha kupandwa mara nyingi hamtaki dume: dume anainua miguu ya mbele, anacheza akienda upande huu na ule, naye jike anamrukia, hata kumla. Mtu angempoteza dume mzima kwa kuamini tangazo.

Picha za tangazo nazo si za buibui huyu. Madoa ya mgongoni hayalingani kabisa na ya jike niliyepokea. Ombeni video ya siku hiyohiyo, ionyeshe tumbo kwa chini na vipapasio vyote viwili. Kidoa cheusi chini ya tumbo kinaonyesha tu kwamba jike amekomaa. Ubikira hauonekani kwa macho. Mimi sasa nitanunua jike ambaye bado hajajivua gamba la mwisho, akomae mikononi mwangu.

Nilipomwandikia muuzaji alijibu, "Walifika hai, biashara imekwisha," akanifungia. Tangazo limerudi juzi kwa picha zilezile. Aliyekwisha kulipa na bado hajatumiwa, adai pesa yake leo.