Tuisheni ya hesabu Mwenge: mwalimu anayeanzia pale mfululizo unapogoma

Mimi ni fundi umeme, miaka 41, nasoma stashahada jioni. Mfululizo wa Taylor, yaani kuandika fomula kama jumla ndefu ya vipande vya x, x², x³ na kuendelea, ulinishinda kwenye mitihani miwili. Nilikuwa nimekariri: tafuta derivetivu (kasi ya badiliko), gawanya kwa faktoria (kama 3×2×1), jumlisha. Nikiulizwa jibu hilo ni la kuaminika hadi wapi, sina neno.

Tuisheni iko ghorofani, juu ya duka la vipuri pale Mwenge, Dar es Salaam. Shilingi 5,000 kwa kipindi, unalipa mlangoni. Wengi ni vijana wa kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Wananiamkia shikamoo kisha wanaazima kalkuleta yangu. Mwalimu ni mzee mstaafu.

Siku ya kwanza alitupa kazi kabla ya maelezo yoyote: tafuteni logi asilia (ln) ya 3 kwa mfululizo wa ln(1+x), yaani x − x²/2 + x³/3 − x⁴/4 na kuendelea, x ikiwa 2. Tukajumlisha kipande kwa kipande. Tukapata 2, halafu 0, halafu 2.667, halafu −1.333, 5.067, −5.6. Jibu sahihi ni 1.0986. Kijana wa mbele akasema, "Mwalimu, tumekosea mahali." Mzee akamjibu, "Hamjakosea, mwanangu. Jumlisheni mpaka alfajiri, huo hautulii."

Kutulia maana yake ni jumla kulikaribia jibu moja. Hapo ndipo alipoanza kufundisha. Mfululizo ule umejengwa kwenye 0, na logi inaharibika x ikifika −1. Umbali wa kuelekea penye balaa ni 1, basi na upande wa pili huruhusiwi kuzidi 1. Halafu akaandika 1/(1+x²), ambayo ukiichora haina kasoro popote, lakini mfululizo wake nao unagoma ukipita 1. Kwa nini? Akachora duara, akaweka nukta kwenye i, yaani kipeuo cha pili cha −1, ambako 1+x² inakuwa sifuri: balaa liko kwenye namba changamano, umbali ule ule wa 1. Namba hizo nazitumia kila siku kwenye hesabu za umeme wa AC, na sikuwahi kuambiwa kwamba ndizo zinazouwekea mfululizo mpaka. Nilikaa kimya daladala nzima hadi Kimara nikiliwaza lile duara.

Kipindi cha pili kilikuwa kitamu zaidi. Kutulia peke yake hakutoshi, lazima uulize unatulia kwa kasi gani. Kwa x = 1 mfululizo wa ln 2 unatulia, ila vipande kumi vinakupa 0.6456 wakati jibu ni 0.6931. Mzee akageuza: 2 ni sawa na (1+x)/(1−x) x ikiwa theluthi moja, na logi ya hiyo ni mara mbili ya x + x³/3 + x⁵/5 na kuendelea. Vipande vitatu tu, mara mbili ya 1/3 + 1/81 + 1/1215, tukapata 0.6930. Darasa lilipiga makofi, na mimi nilipiga.

Saini (sin) ya nyuzi 30, ambayo jibu lake ni 0.5, tuliifanya kwa rediani (nyuzi 30 ni π/6), vipande vitatu, x − x³/6 + x⁵/120, ikatoka 0.500002. Hiyo ilikwenda haraka.

Kasoro zipo. Kipindi cha saa kumi na moja kinaanza na nusu. Feni ni moja na iko upande wa mwalimu; ukikaa nyuma, njoo na leso. Hakuna notisi za kuchapishwa, kwa hiyo ukikosa siku moja unabaki kuomba daftari la mtu. Kinachoniuma zaidi ni somo la masalia, yaani kosa linalobaki ukikata mfululizo njiani. Alilitengea dakika kumi na tano za mwisho, watu wakiwa wamesimama na mabegi. Alisema tu kwamba vipande vikipishana jumlisha na toa huku vikizidi kupungua hadi kuisha, kosa halizidi kipande cha kwanza ulichokiacha. Nilipofika nyumbani nikakijaribu kwenye ile saini: kipande cha kwanza tulichokiacha, x⁷/5040, ni 0.0000021, na kosa letu lilikuwa chini yake kidogo. Jambo kubwa namna hiyo lilistahili jioni nzima. Nimemwomba alirudie Alhamisi, amekubali, na vijana wanne wamesema watakuja.