Mkazo wa Nyuzi za Raketi: Uzoefu Wangu kati ya Nairobi na Mombasa

Raketi yangu ya tenisi ni Babolat Pure Drive ya gramu 300 bila nyuzi, yenye uso wa sentimita za mraba 645 na mpangilio wa nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Ninachokitathmini hapa, hata hivyo, si raketi yenyewe bali kazi ya fundi mmoja wa Nairobi anayenifungia nyuzi, pamoja na tofauti niliyoiona nilipomwomba aifunge raketi hiyo hiyo kwa uzi ule ule wa poliesta (aina ya plastiki ngumu), kila mara kwa mkazo mwingine. Wachezaji wengi wa vilabuni huchagua raketi kwa makini sana, kisha humwachia fundi aamue mkazo, ilhali kinachokutana na mpira ni nyuzi.

Tulianza na pauni 57, yaani uzito wa kama kilo 26 unaouvuta kila uzi unapofungwa. Kwa mkazo huo mpira uliondoka haraka na kwa mwelekeo niliouamua, na karibu na wavu nilipenda sana jinsi raketi ilivyotii nilipoupiga mpira kabla haujadunda. Lakini nikiwa nyuma ya uwanja mapigo yangu yalikuwa mafupi. Yaliangukia katikati ya eneo la mpinzani na kumpa nafasi ya kusogea mbele na kushambulia. Mpira ulipogusa nje kidogo ya katikati ya uso, mtetemo ulifika hadi kwenye kiwiko. Tuliposhuka hadi 52, na baadaye 48, nilipiga kwa mkono ule ule na kwa nguvu ile ile, na mpira ukawa unatua hatua moja tu kabla ya mstari wa nyuma. Mapigo ya kujihami, yale ambayo mtu huyapiga akiwa amenyooka kwa shida pembeni mwa uwanja, ndiyo yaliyonufaika zaidi.

Husemwa kwamba nyuzi zilizolegea huongeza nguvu. Kauli hiyo ina ukweli, ila haitoshi. Kwa mujibu wa kanuni za mchezo, mpira ukiangushwa kutoka sentimita 254 unapaswa kudunda kati ya sentimita 135 na 147, maana yake ni kwamba karibu nusu ya nishati yake hupotea kila unapobonyea. Nyuzi, kinyume chake, hurudisha sehemu kubwa sana ya nishati zinayoipokea. Zikilegea, hubonyea zaidi kama kitanda cha kamba kilichochakaa, na mpira wenyewe hubonyea kidogo. Hata hivyo, kasi inayoongezeka ni ndogo. Jambo kubwa zaidi ni pembe ya mpira unapoondoka: mpira hukaa kwenye nyuzi kwa takriban sehemu tano tu kati ya elfu moja za sekunde, na nyuzi laini huurefusha muda huo kidogo wakati raketi ikiwa bado inapanda, hivyo mpira huondoka juu zaidi na kuanguka mbali zaidi. Kwa sababu hiyo, ninapoujaribu mkazo mpya sitazami kwanza kasi, bali mahali mipira inapotua.

Hakuna namba moja iliyo sahihi kwa kila mtu. Björn Borg wa Uswidi, aliyeshinda mataji 11 makubwa akitumia raketi za mbao zenye uso mdogo, alizikaza nyuzi zake hadi kiasi cha pauni 80. Adrian Mannarino wa Ufaransa amekuwa akitumia chini ya pauni 30, na aliingia katika orodha ya wachezaji 20 bora duniani. Mkazo hufuata ukubwa wa uso, aina ya uzi na jinsi mtu anavyoupeleka mkono wake.

Hufuata pia mahali anapochezea, na hili kwetu lina uzito wa pekee. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanuni za kimataifa hutambua aina ya mpira wa miinuko kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Klabu ninayochezea hutumia mipira ya kawaida, ambayo katika hewa nyepesi hupaa na kupita mstari. Zile pauni 48 zilizonipendeza Mombasa, ambako hewa nzito ya pwani huuzuia mpira, zilinipa taabu nilipozirudisha Nairobi. Sasa huku juu nacheza na 52, na nikiteremka pwani nachukua raketi ya pili iliyofungwa kwa 48.

Kuhusu huduma ya fundi, nimeridhika nayo. Mashine yake ni ya umeme, ambayo huendelea kuuvuta uzi mpaka auzuie kwa kibanio. Mashine za kuzungusha kwa mkono hujifunga pindi zinapoifikia namba iliyowekwa, na uzi huanza kulegea papo hapo, kwa hiyo 52 ya mashine moja si lazima iwe sawa na 52 ya nyingine. Ndiyo maana ni muhimu kubaki na fundi mmoja. Hubandika kikaratasi chenye tarehe, aina ya uzi na mkazo, jambo dogo ambalo wengine hawalifanyi. Upungufu wake ni kwamba misimu ya mashindano humlemea, raketi ikakaa kwake siku kadhaa, na nyuzi laini za kuchagua ni chache.

Tarehe hiyo ina faida kubwa kwa anayetumia poliesta. Uzi huu ulipata umaarufu baada ya Gustavo Kuerten wa Brazil kushinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1997 akitumia nyuzi za kampuni ya Luxilon, kwa kuwa huteleza na kurudi mahali pake haraka, hivyo kuuzungusha mpira kwa nguvu. Lakini hupoteza mkazo upesi, na joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani huzidisha hali hiyo. Usisubiri ukatike. Namshauri mwenye maumivu ya kiwiko aachane nao kabisa na atumie uzi laini wa nyuzinyuzi nyingi, tena kwa mkazo wa chini.

Safari ijayo nimemwomba fundi anifungie kwa mtindo wa bingwa wa Uswisi Roger Federer, yaani uzi wa utumbo wa ng'ombe wima na poliesta mlalo. Uzi wa utumbo huhifadhi mkazo kuliko wowote mwingine, ingawa ni ghali na unyevu huuharibu. Tumekubaliana pauni 54 kwa utumbo na 51 kwa poliesta, na raketi hiyo itabaki Nairobi.