Shiti za kukatiwa kwa mchoro wako: nimeagiza mara tatu, wazuri ila rangi ilinibandukia

Hawa jamaa wanakata shiti za chuma kwa leza, na nimeshaagiza kwao mara tatu kwa hiyo sasa naweza kuongea. Mimi nina karakana ndogo tu, nachomelea, natengeneza maboksi ya umeme na braketi, mashine ya leza sina na sitakuwa nayo leo wala kesho, na kukata vipande 24 vya shiti ya milimita 2 kwa grenda halafu vyote vifanane ni kujitafutia ugonjwa wa mgongo bure. Kwa hawa unatuma faili la DXF, yaani mchoro wa kompyuta wenye vipimo, wanakurudishia kotesheni, unalipa, wanakata. Basi.

Kilichofanya niwaamini ni simu moja. Oda ya kwanza nilichora kwa inchi, na hayo mafaili ya DXF mara nyingi mashine inasoma namba tu haijui wewe ulikuwa unawaza inchi au milimita, kwa hiyo braketi yangu ya inchi 4.75 kwao ikasomeka milimita 4.75. Asubuhi napigiwa, dada wa pale anajizuia kucheka, "Fundi samahani, hivi vibraketi ni vya kuvaa sikioni?" Aisee niliona aibu. Ila kuna sehemu nyingine niliwahi kuagiza, sitaji jina, nilikosea mchoro wakakata hivyohivyo nikaletewa takataka na jibu likawa ndivyo ulivyotuma. Sasa mtu anayeangalia mchoro kabla ya kuwasha mashine mimi huyo namlipa hata bei ikizidi kidogo.

Ukataji wenyewe sina neno. Matundu ya milimita 8.5 kwa bolti za M8, yaani zenye unene wa milimita 8, zimeingia zote bila kugongea, vipande nikavipanga kimoja juu ya kingine, kingo ziko sawa kama daftari. Mashine ya plazma, inayokata kwa mwali wa umeme na gesi, haikupi hivyo kwenye shiti nyembamba, njia yake ya kukatia ni pana na kingo inakuwa imelala kidogo.

Haya sasa malalamiko. Zile braketi nilizipiga rangi, zikapendeza, mteja akachukua, baada ya wiki kadhaa ananitumia picha rangi inabanduka, na si katikati, ni pembezoni tu pote palipopita leza. Nikadhani rangi feki. Kumbe leza ikikata chuma cha kawaida huku inapuliziwa gesi ya oksijeni kingo inabaki na gamba jembamba jeusi la moto, na rangi inashika lile gamba haishiki chuma, gamba likiachia linaondoka na rangi yake. Ukitaka kingo safi unaomba wakate kwa naitrojeni, bei inapanda, au unakaa chini na msasa unalitoa mwenyewe kipande kimoja kimoja. Mimi nilirudia braketi 24 kwa mkono, bure, kwa mteja aliyenuna. Nawalaumu kwa hili mana kwenye oda niliandika kabisa kuwa ni za kupaka rangi, sentensi moja tu ingetosha. Oda ya pili nikaomba naitrojeni, kingo inang'aa, rangi mpaka leo imekaa.

Kuna kosa lingine ila hilo ni langu, nisiwaonee. Boksi la upana wa milimita 300 kwa nje na kingo za kukunja milimita 40 kila upande, mimi nikajumlisha tu 380 nikatuma. Chuma kikikunjwa hakihesabiwi hivyo, kona inavutika, kwa shiti ya milimita 2 kila kunjo inakupa kama milimita 3 na nusu za ziada kutegemea na kifaa cha kukunjia, kwa hiyo boksi likatoka kubwa kama milimita 7 na kifuniko kikawa kinacheza. Waulize kabla wao wanakunja kwa kipimo gani, wanakuambia, hawana shida.

Plati nene pia wanakata. Nilitaka ya milimita 12 yenye matundu ya 8 wakakataa hayo matundu, wakasema tundu dogo kuliko unene wa chuma linatoka baya, wakanitilia alama tu nikatoboa na drili mwenyewe. Nilikasirika kidogo, ila walikuwa sahihi.

Uangalie na usafiri. Wanatoza kwa uzito, na oda ya pili walinipigia uzito wa shiti nzima, 1220 kwa 2440 ya milimita 2, hiyo ni kama kilo 47, wakati vipande vyangu hata kilo 31 havifiki. Nikauliza je yale mabaki niliyolipia yako wapi, kimya. Baadaye wakarekebisha, na sasa nikiagiza naandika kabisa mabaki ni yangu, wanayafunga pamoja na mzigo. Usipoandika usitegemee. Oda ya tatu ilichelewa siku tatu, walinitaarifu mapema nikawasamehe. Na vaa glavu unapofungua, vile vinyusi, yaani vincha vya chuma vinavyobaki chini ya kingo, vinakata kama wembe.

Nawapa nyota nne, ya tano imebaki kwenye zile braketi. Oda ya nne nimetuma jana, steinlesi safari hii, na juu ya mchoro nimeandika MILIMITA kwa herufi kubwa. Dada akajibu, "tumeona fundi" na kiemoji cha hereni.