Printi yangu ya tatu, na nilivyopigwa kwenye ya pili

Naanza na hii ya mwisho maana ndo imenifurahisha. Printi, yaani picha iliyochapwa kwa skrini, ya msanii Mmarekani Shepard Fairey, saizi yake ileile ya inchi 18 kwa 24, chini kushoto penseli imeandika 217/450 (nakala ya 217 kati ya 450) na kulia kuna saini na mwaka. Kuipata sasa, kazi. Wanatangaza saa ya kuuza mtandaoni, saa ikifika watu wote mmejazana hapohapo, mara mbili nilikuwa nayo kwenye kapu nikiwa bado nahangaika kuandika anwani naambiwa zimeisha. Mara ya tatu nikaandaa kila kitu mapema na ndo ikakubali.

Ila aisee uzuri wake picha ya simu haioneshi. Ukiilaza karibu na dirisha ukaichungulia kwa pembeni unaona wino umekaa JUU ya karatasi, pale nyekundu inapopanda juu ya rangi ya maziwa kuna kakingo kadogo unakaona kabisa. Kila rangi ina skrini yake, inapitishwa, inakauka, ndo inafuata nyingine, na kwangu nyeusi imehama kidogo sana pale kwenye sikio la sura iliyochorwa. Wengine wangeona kasoro, mi naipenda hivyohivyo.

Sasa ile ya pili. Nilinunua kwa mtu tu mtandaoni, namba ipo, saini ipo, bei imelegea, nikajipa moyo. Imefika nikachukua lenzi ya kukuza naona vidoti vya bluu, pinki na njano kama gazeti!! Hata saini ni vidoti, penseli ya kweli huwa inang'aa kidogo ukiigeuza kwenye mwanga. Kumbe nimenunua fotokopi ya bei mbaya, na hela haikurudi hadi leo. Kama unapenda uchapaji wa skrini lenzi ndo kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya printi.

Za Banksy, yule msanii wa mitaani wa Uingereza asiyejulikana sura, sijagusa na sitagusa bila karatasi ya Pest Control, ofisi yake inayothibitisha kazi halisi, ambayo inabanwa na nusu ya noti feki ya pauni 10 yenye sura ya Diana, imechanwa kwa mkono, nusu nyingine wanabaki nayo wao. Sio mbwembwe hizo, printi yake ya Girl with Balloon ilitoka 150 zenye saini na 600 zisizo na saini, sasa mtu akiwa na moja kati ya hizo 600 na penseli mkononi, we fikiria mwenyewe.

Malalamiko yangu kwa walioniuzia hii ya tatu ni usafirishaji. Bomba la karatasi jembamba, printi imekunjwa imebana utafikiri mkeka, kona moja imekuja na alama ya kupinda. Nimewaandikia wakasema pole, basi. Kwa hiyo picha nyota tano, kufungasha nyota mbili na hizo mbili nimewahurumia.

Kwa sasa imelala chini ya vitabu, katikati ya karatasi mbili safi, inajinyoosha wiki ya pili hii. Fremu bado, maana ile ya kwanza fundi aliibandika na selotepu kwa nyuma na sasa mistari ya njano imetokea mpaka mbele. Fundi mpya nitasimama naye hadi amalize.