Yaya wa Nyumbani au Kituo cha Malezi kwa Familia za Wanamaji wa Mtongwe
Huko Mtongwe, kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya iliyo Likoni, Mombasa, mzazi mmoja anapokuwa baharini kwa majuma kadhaa, na mwenzake akivuka feri ya Likoni kila alfajiri kwenda kazini kisiwani, likizo ya uzazi ya miezi 3 iliyowekwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 huisha upesi, na familia hulazimika kuchagua.

Kituo cha malezi huwa na walezi zaidi ya mmoja, kwa hiyo mmoja akiugua mtoto hakosi mtu. Lakini kwa kawaida hufungwa jioni, na foleni ya feri haimhurumii mama aliyechelewa.

Yaya anayelala nyumbani huziba pengo hilo, hata kwa zamu za usiku, na ndiye ninayempendelea kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Tatizo lake ni uhamisho: amri ya kwenda Nairobi au Manda, Lamu, ikifika, yaya mwenye jamaa zake Likoni huenda asifuate, na mtoto humpoteza mtu aliyemzoea wakati ambapo baba naye hayupo. Bibi, ambaye kwa familia nyingi za Pwani angeshika nafasi hiyo, kwa wanajeshi waliotoka bara yuko mbali mno.